Madam wa Ngali

Kitu kilichomuudhi Madam kuliko vumbi la Voi ni mtu kusema "ningekuja" kuhusu siku iliyokwisha kupita. Ukichelewa darasani alikuvumilia. Ukija unanuka dizeli alifungua dirisha na kunyamaza. Hata ukisinzia alikuacha, mradi usikorome. Lakini ukimwambia, "Jana ningekuja, Madam, ila gari liliniharibikia," aliweka chaki chini taratibu, akafuta vidole kwenye sketi, akakutazama kama daktari anayetazama kidonda kilichofungwa vibaya.

"Jana imekwenda," alikuwa akisema. "Haibebi nge tena. Sema ningalikuja."

Alitufundisha Kihispania. Najua watu wakisikia hivyo hucheka: Kihispania, Voi? Lakini mbuga iko pale getini, na watalii wa Kihispania huja, na mwongoza watalii anayeweza kuwaambia "karibuni" kwa lugha yao hakosi kazi hata msimu watalii wakipungua. Kwa hiyo tulikwenda kwake jioni, kwenye chumba alichopangisha nyuma ya duka la hadiwea, katikati ya mabati na mabunda ya waya. Tulikuwa sisi waongoza watalii, ambao askari wa barabarani hawakuchoka kutuita magaidi, eti ndio wingi wa 'guide' kwa Kiingereza chao, na wasichana wa mapokezi kutoka hotelini, na Salim, dereva, ambaye kwao ni mjini Voi tangu enzi za babu zake.

Namweleza leo kwa sababu amelala kwao Sagalla, mkono wa kulia hauinuki, na katika lugha zote alizokuwa nazo amebakiwa na Kihispania tu. Mdogo wake wa kike anayemuuguza hakijui hata neno. Aliniita nikamwambie dada yake anasema nini. Na Madam anasema sentensi moja tu, siku nzima, na sentensi hiyo iko katika wakati uleule alionifundisha kwa miaka na ambao sikuwahi kuushika sawasawa. Sijui mtu mwingine wa kumpigia simu. Ningekuwa naye ningemtuma.

Tuanze na simba, maana darasa lenyewe lilianza na simba. Mwenzetu mmoja alimfuata Madam akitaka afundishwe sentensi moja basi, ile ambayo hakuna mwongoza watalii anayeweza kuishi bila hiyo: mngalikuja jana, mngaliona simba. Watalii wamezunguka tangu alfajiri, wameona swala, wameona mavi ya tembo, wameanza kunong'onezana. Hapo ndipo sentensi hiyo hutolewa. Mwenzetu alikuwa akiisema kwa Kihispania cha kubahatisha, na inasemekana alikuwa akiwaambia, "Mkija jana mtaona simba," na watu wazima wakacheka mpaka wakashika tumbo.

Madam alimwandikia ubaoni: *Si hubieran venido ayer, hubieran visto leones.* Kisha akasema jambo alilolirudia kila alipopata mwanafunzi mpya.

"Huu ni wakati wa visingizio. Ndiyo maana mnaupenda."

Kihispania kikitaka kusema ngali hakiongezi kitu katikati ya neno kama sisi. Huweka maneno mawili, moja mbele na jingine nyuma, na Madam alitueleza kwa gari la mizigo. Neno la mbele ni taniboi. Ndiye anayening'inia nje, anapigwa na upepo, anabadilika kila kituo: *hubiera, hubieras, hubiéramos, hubieran.* Kitenzi chenyewe ni dereva. Kimekaa ndani na miwani yake, hakibadiliki. "Mkitaka kujua nani yuko safarini," alisema, "msimwangalie dereva. Mwangalieni taniboi." Salim, ambaye aliwahi kuwa taniboi wa lori la Taveta, alisema hajawahi kuheshimiwa vile na mtu yeyote aliyesoma.

Upande wa Kiswahili alikuwa mkali zaidi, na hapo ndipo tulipata taabu. Sisi wa milimani Kiswahili tumekikuta njiani baada ya Kidawida, na nge tunaitumia kwa yote, ya jana na ya kesho. Nikisema "ungeniambia ningekuja", mama yangu anaelewa, chifu anaelewa, hata hakimu wa Voi anaelewa. Madam peke yake ndiye hakuelewa. Alichora nge ubaoni, yule mdudu mwenyewe, na mkia wake juu.

"Nge yuko hai," alisema. "Anatembea. Kesho anaweza kukuuma, au asikuume. Ngali ni nge aliyekwisha kanyagwa. Ukishasema ngali usitazame chini ya kitanda, hakuna kitu tena."

"Na ngeli je, Madam? Kwetu wako wanaosema ningelikuja," Salim aliuliza, kwa uchokozi tu.

"Huyo ni mtoto wa nje wa hao wawili. Hapa hapati pa kulala."

Tukampa jina siku hiyohiyo: Madam wa Ngali. Alilijua na hakulikasirikia. Nafikiri lilimfurahisha, ingawa kufurahi kwake kulikuwa ni kukunja midomo kidogo kama mtu aliyeng'ata ndimu.

Salim pekee ndiye hakuwa na shida. Nyumbani kwao bibi yake husema "mngalinambia mapema ningaliwangoja" huku akikoroga mchuzi, bila kufikiri. Madam alimpenda kwa hilo, na alimchukia kidogo vilevile, kwa kuwa alipata bure kitu ambacho sisi wengine alitutolea jasho. Siku moja alimwambia kwamba *ojalá* ya Kihispania na laiti ya kina bibi yake ni neno na nduguye, yote mawili yalitoka kwa Waarabu, moja likapanda juu kwa Wazungu na jingine likashuka pwani. Salim aliyaandika yote mawili kiganjani. Alipotoka akasema anakwenda kumwambia bibi.

Kulikuwa na zoezi lake la mvua. Kutoka mlango wa nyuma wa hadiwea mlima wa Sagalla unaonekana wote. Wakati wa kiangazi, wingu likisimama juu yake, Madam aliacha anachofanya na kutuita nje. Huko juu shida ya maji haizoeleki, na yeye alipanda kila jioni kwa bodaboda kurudi nyumba moja na mdogo wake, na mtungi wa maji wa Voi katikati yake na mwendeshaji.

"Hatujui kama imenyesha," alisema. "Tunatumaini. Semeni."

"*Ojalá haya llovido*," tuliitikia. Natumaini imenyesha.

Keshoye alikuja na vumbi kwenye viatu. Hakuna aliyehitaji kumwuliza.

"*Ojalá hubiera llovido*," alisema, akafungua daftari la mahudhurio. Laiti ingalinyesha. Ilikuwa ndiyo salamu yake ya siku hiyo.

Mtu angedhani mwanamke wa namna hiyo ana mengi ya kujutia. Tulichunguza sana. Wengine walisema alikaribia kuwa sista akarudishwa, wengine kwamba aliwapikia Wahispania fulani Nairobi wakaenda naye kwao, akaishi huko mpaka nywele zikaanza mvi. Yeye hakukubali wala hakukataa. Msichana mmoja wa mapokezi, aliyekuwa na ujasiri kuliko sisi, alimwuliza kwa Kihispania chenye jasho kama angalipenda kubaki huko.

"Umepanga maneno vizuri," Madam alimjibu. "Lakini ngali mimi siitumii kwa mambo yangu. Naifundisha tu. Anayeng'oa meno si lazima aumwe jino."

Na kweli sikuwahi kumsikia akiitumia. Aliibiwa simu stendi, akasema, "Basi." Nyani walimmalizia mahindi ya msimu mzima, akasema, "Wameshiba." Kanisani, pasta akiomba "Bwana, ungetupa mvua mwaka jana", Madam alisikika kutoka viti vya nyuma akirekebisha kwa sauti ya chini, "ungalitupa," na waumini wakaitikia amina kabla ya wakati. Alikuwa hodari wa kurekebisha majuto ya watu, na yake hatukuyaona.

Kurekebisha ndiko kulikokuwa kupumua kwake. Alirekebisha matangazo ya mazishi. Alimrekebisha tabibu wa Voi alipomwandikia dawa ya presha, kisha hakuinywa hiyo dawa. Hapo nilimlaumu na bado namlaumu. Mtu anajua tofauti ya nge na ngali kuliko watu wote wa wilaya, anaambiwa "usipokunywa, utaanguka", sentensi nyepesi kabisa, ya mtoto wa darasa la pili, na hiyo ndiyo inampita.

Mdogo wake hakurekebishwa. Hili lilitushangaza tulipokwenda kwao kwa mara ya kwanza, kwenye matanga ya shangazi yao. Mdogo huyo anasema "hii watoto", anasema "maji imeisha", anavunja Kiswahili kama kuni, na Madam anakunywa chai yake kimya. Hawakufanana. Mmoja alikwenda akarudi na lugha, mwingine hakuwahi kuvuka mji mdogo wa Mackinnon Road. Mdogo aliita Kihispania "ile kelele ya dada". "Akianza hiyo kelele yake hata kuku inakimbia," alituambia, na Madam akakunja midomo ile ya ndimu. Wao kwa wao walizungumza Kisagalla. Mimi Kisagalla sikijui. Ukitoka Wundanyi kama mimi unadhani utakishika kwa sababu ya Kidawida, kisha unagundua watu wanacheka na wewe hujui kwa nini.

Kulikuwa na sheria moja katika nyumba hiyo, na kila mtu aliijua, hata sisi: Jumamosi Madam haamshwi. Wiki nzima alikuwa akidamka kushuka Voi. Jumamosi mlango wake ulifungwa mpaka aufungue mwenyewe, na aliyebisha kabla ya hapo alipata maneno ya kumtosha hadi Pasaka.

Basi alianguka Jumamosi.

Simu ilinikuta nikiosha gari. "Ni mimi, mdogo wake Madam," sauti ilisema. "Unajua ile Kispanish yenu? Njoo nayo." Nikapanda Sagalla kwa bodaboda, na njiani nilikuwa nikikariri *hubiera, hubieras* kama mwanafunzi anayekwenda kufanya mtihani aliokwisha kuufeli.

Mdogo wake alikuwa ameniwekea kiti karibu na kitanda, namna watu wanavyomwekea pasta. Madam alikuwa ameinuliwa kwa mito. Alinitazama na akanijua, hilo sina shaka nalo. Nikamsalimia kwa Kiswahili, macho yake yakaitikia, mdomo haukuitikia.

"Anasikia yote," mdogo wake alisema. "Ukimwambia geuka, anageuka. Lakini kusema ni hiyo kelele tu. Daktari anasema inatokea, lugha zingine zinafungwa, moja inabaki. Mimi nauliza Mungu, si angebakisha yetu." Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Sasa wacha nikwambie kabla hujamsikia. Ile asubuhi nilikuwa hapo, nje ya mlango yake. Nachambua maharagwe. Ilikuwa Jumamosi, unamjua. Jua ikapanda, nikaona si kawaida, nikasema nibishe. Nikaogopa mdomo wake. Nikamaliza maharagwe. Nilipofungua alikuwa chini, macho wazi. Daktari aliniuliza alianguka saa ngapi. Ningemwambia nini?"

Hakulia. Alikuwa ameshamaliza kulia kabla sijafika.

"Nataka kujua kitu moja," alisema. "Ananilaumu ama hanilaumu. Sikiliza, uniambie. Usinifiche."

Hatukungoja sana. Madam alivuta pumzi, na kwa matamshi safi kama ya darasani akasema: "*Si hubiera llamado.*"

"Hiyo," mdogo wake alisema. "Ni hiyo. Anasema nini?"

Sasa nitaeleza nilivyokwama. *Llamar* ni kuita. Pia ni kubisha mlango. Neno ni hilohilo. Na huyo taniboi, *hubiera*, anabadilika kila kituo isipokuwa viwili: kwa mimi ni *hubiera*, na kwa yeye ni *hubiera*. Kihispania kinaweza kumwacha mwenye tendo gizani, mpaka msemaji apende kumtaja. Kiswahili hakina ruhusa hiyo. Huwezi kufungua kinywa kabla hujaamua ni ni- au ni a-. Kwa hiyo Madam alikuwa akisema: kama ningaliita. Au alikuwa akisema: kama angalibisha. Sentensi ya kwanza inamtua mdogo wake mzigo. Ya pili inamzika. Na zote mbili ni tafsiri sahihi, na mimi ndiye niliyekuwa nimepewa kiti.

Nikamwinamia Madam. "*¿Yo o ella?*" nikauliza. Mimi au yeye?

Alinitazama kwa subira.

"Ni wewe uliyetaka kuita?" nikamwuliza kwa Kiswahili.

"*Sí*," alisema.

Moyo wangu ukatua. Lakini nilitaka kuwa na hakika, nikaongeza, "Au ni yeye angalibisha?"

"*Sí*," alisema Madam, halafu akaendelea, "*hubiera llamado.*"

Hapo hata ile ndiyo ikanitoka mikononi. *Sí* ni ndiyo, na *si* ni kama, sikio langu halizitenganishi, na sikujua amenijibu mara mbili au ameanza tu sentensi yake upya. Nilitamani Salim angekuwepo, ingawa Salim naye asingalijua. Hakuna ambaye angalijua, isipokuwa Madam wa zamani, na huyo ndiye alikuwa kitandani.

"Si uniambie," mdogo wake alisema. "Kama ni mimi, ni mimi."

"Mama," nikasema, "hiyo lugha haisemi ni nani."

"Lugha gani haisemi ni nani? Mbuzi akilia najua anamlilia nani."

"Anasema kungaliitwa. Au mlango ungalibishwa. Lakini nani, hakutaja."

Aliona kwamba sidanganyi, na aliona pia kwamba sina faida. Nilitaka kumwongopea wakati huo. Neno "ningaliita" lilikuwa tayari kwenye ulimi, jepesi. Lakini Madam alikuwa akisikia kila kitu, macho yakiwa juu yangu, na kumtafsiri vibaya mbele yake sikuweza.

"Mmesoma miaka yote hiyo nyuma ya hadiwea," mdogo wake alisema, bila hasira. "Haya. Ile ya kuomba msamaha unaijua? Au hiyo pia haina mwenyewe?"

"Hiyo naijua."

"Nifundishe. Kisagalla nimemwambia mpaka nimechoka. Labda mlango huo umefungwa. Nipitie huu ulio wazi."

Nikamfundisha: *perdóname*. Aliirudia pembeni kwangu mara kadhaa, akiipoteza na kuiokota. Kisha akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akashika ule mkono wa kulia usiosikia, akasema kwa sauti kubwa kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde:

"Perudonami."

Madam aligeuza kichwa. Nilimwona akikunja midomo, upande mmoja tu maana mwingine haukutii. Ile sentensi yake haikuja. Alimeza mate, akatengeneza ulimi, akasema polepole, silabi baada ya silabi:

"*Per-dó-na-me.*"

Nje mtu alikuwa akipita na punda.

"Amesema nini?" mdogo wake aliuliza, bado amepiga magoti.

Nilijua maana ya neno. Kama alikuwa akimrekebisha matamshi, kama alivyoturekebisha sisi sote, au kama alikuwa akisema yake, hilo sikulijua, na sitalijua. Safari hii tafsiri ilikuwa moja tu.

"Amesema, nisamehe," nikamwambia.

"Mimi nimsamehe yeye?"

"Ndivyo neno linavyosema, mama."

Aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mkono wa dada yake. Akaanza kusema Kisagalla, polepole kwanza, halafu haraka, maneno marefu yasiyo na kituo, na mara moja au mbili akacheka katikati. Madam alimsikiliza mpaka mwisho, na mkono wake wa kushoto ukatafuta kilemba cha mdogo wake ukakishika. Nilibaki kwenye kiti changu. Hakuna aliyenigeukia kuniuliza maana.